"Unaenda kwa Nani?": Maandishi ya Safari ya Bei Chini na Msafiri wa Kutoka Luvungi



Siku hizi kila kijana mwenye mega kidogo katika simu amekwisha kukutana na maandishi ao video za namna hii: jinsi ya kutembea peke yako katika jiji kubwa kwa pesa kidogo. Kwa siye watu wa Kivu ya Kusini, jiji la bahari linalotajwa sana ni Dar es Salaam. Nairobi haina bahari, Mombasa iko mbali zaidi, na Matadi ni nchi moja nasi lakini kwa barabara ni kama iko dunia nyingine. Dar iko karibu nasi kwa njia na kwa lugha, na bidhaa nyingi za maduka ya Uvira na Bukavu zinapita kule. Basi ni haki kuuliza: maandishi hayo yanatufaa siye?

Nimeyasoma kabla ya kwenda, nimeyasoma nikiwa kule, nimeyasoma tena kiisha kurudi. Hapa sitaeleza safari yangu yote. Nataka kuyapima maandishi yenyewe, namna mwenye kusoma agronomia anavyopima mbegu iliyotoka mbali: haiulizwi tu kama ni nzuri, inaulizwa kama itaota katika udongo wetu.

Niseme mara moja ninachofikiri. Maandishi haya yanajua kuhesabu pesa, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini yameandikwa kwa mtu ambaye hakuna anayemuuliza, "Unaenda kwa nani?" Siye tunaulizwa hivyo kuanzia nyumbani, tunaulizwa mpakani, tunaulizwa kwenye mlango wa gesti. Kwa msafiri wa kutoka Luvungi, gharama kubwa si kitanda wala chakula. Ni kujieleza.

Umasikini wa kuchagua

Aina ya kwanza ni vitabu vya watalii wa begi mgongoni. Vinavyojulikana zaidi ni vya Lonely Planet. Mwaka 1973, Tony na Maureen Wheeler, waliokuwa wametoka Uingereza kupitia Asia mpaka Australia, walitoa kijitabu cha kueleza jinsi walivyosafiri kwa pesa kidogo. Baadaye vikafuata vitabu vya karibu kila bara, na fundisho ni lile lile mpaka leo: lala bwenini, kula barabarani, panda bisi wanayopanda wenyeji, usibadilishe pesa hotelini.

Nasema haki: vitabu hivi vina sifa moja ambayo siye hatuna. Vinaeleza vitu kwa majina na kwa hesabu. Uliza ndugu yako aliyerudi Dar wiki iliyopita, atakuambia, "Kule kuko muzuri, bintu biko bei chini." Halafu ananyamaza. Hatakuambia alishuka kituo gani, alilipa ngapi, alilala wapi, bisi iliondoka saa ngapi. Kitabu kinakuambia. Kwa hiyo kabla ya kuwalaumu wageni, tujilaumu siye kidogo: watu wetu wamekwenda Dar kwa miaka na miaka, na ramani yao imebaki katika vichwa vyao.

Shida ya vitabu hivi ni kwamba umasikini wao ni wa kuchagua. Msomaji wanayemfikiria ana tiketi ya kurudi, ana kadi ya benki, ana pasiporti isiyomtia mtu mashaka. Anabana pesa ili safari iwe ndefu. Akichoka na bweni, anahamia hoteli. Ndiyo maana hesabu ya kitabu inaanza uwanja wa ndege wa Julius Nyerere: teksi ni ngapi, bajaji ni ngapi, daladala ni ngapi.

Hesabu ya mtoto wa Luvungi inaanza mbali sana. Inaanza na pasiporti. Kwa miaka kadhaa pasiporti ya Kongo ilikuwa dolari 185, kati ya zile za bei ya juu kabisa duniani. Mwaka 2020 ikashushwa mpaka 99. Hata hiyo 99, kwa mwalimu ao kwa mama mwenye kulima mpunga katika bonde la Ruzizi, haikuwa pesa ya kutoa ukicheka. Ongeza kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ongeza njia: Luvungi mpaka Uvira, mpaka wa Kavimvira na Gatumba, Bujumbura, halafu kuvuka Burundi kwa bisi mpaka Tanzania. Ukipitia Kigoma, kutoka pale mpaka baharini kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Na njia hii yote inategemea amani. Siku ambayo barabara ya kwetu haipitiki ao mpaka umefungwa, kitabu cha safari ni karatasi ya kufungia karanga.

Kuna mambo mawili makubwa yaliyobadilika kwa faida yetu, na katika vitabu nilivyosoma sikuyaona. Mwaka 2022 Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2023 Kongo na Tanzania zikaondoleana viza. Kwa msafiri wa pesa kidogo, habari hizi zina maana kuliko kurasa kumi za mabweni. Lakini ukurasa wa viza unamfikiria mtu wa Ulaya na Marekani, ndiyo maana sehemu hiyo hatumo.

Tena kuna neno la pesa. Siye tunalipa dolari kila mahali: sokoni, shuleni, kwa mwenye nyumba. Tanzania si hivyo. Tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutoza ao kulipa bei za ndani kwa pesa ya kigeni. Mtalii wa Ulaya haoni shida, kwa sababu anachukua shilingi kwenye mashine ya benki. Mwenye kubeba dolari zake katika soksi anahitaji kuambiwa mapema: badilisha kwanza, halafu anza kutembea.

Jiji la kupita tu

Kosa lingine la vitabu hivi ni namna vinavyoitazama Dar yenyewe. Kwao ni mlango. Unalala usiku mmoja, kesho unapanda boti ya Zanzibar ao ndege ya kwenda kuona simba. Kurasa zinazobaki zimejaa maonyo: joto, foleni, wezi wa simu.

Lakini katika sensa ya 2022 jiji hilo lilihesabiwa kuwa na watu 5,383,728. Lilianzia karibu na kijiji cha wavuvi kilichoitwa Mzizima, Sultani Majid wa Zanzibar akaanza kujenga pale miaka ya 1860. Wajerumani wakatawala, Waingereza wakafuata. Jina Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, cha wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1965 Che Guevara alipita Dar akaenda Kigoma, akavuka ziwa Tanganyika kuingia upande wetu. Laurent-Désiré Kabila aliishi kule miaka mingi kabla ya kuingia Kinshasa. Kwa Mkongomani mwenye kupenda historia, hilo si jiji la kulala usiku mmoja.

Na wenye kudharau jiji hawalifuati linavyobadilika. Nimeona maandishi ambayo bado yanamshusha msafiri wa bisi Ubungo, na tangu Februari 2021 mabisi ya mikoani yana kituo kipya cha Magufuli kule Mbezi Luis, mbali zaidi na katikati ya jiji. Mwenye pesa akikosea hapo anaita teksi, basi. Mwenye pesa kidogo, amefika usiku na begi zito, kosa hilo linaweza kumla pesa ya siku mbili.

Siku nzima kwa elfu ishirini

Aina ya pili ni video za vijana wa Tanzania na Kenya wenyewe. Hizi ni za Kiswahili, zina uchangamfu, na zinajua kula bata, yaani kustarehe, kwa bei poa. Zinakuonyesha mambo ambayo kitabu hakiyajui: wali maharage kwa mama ntilie, chipsi mayai, jinsi ya kumwambia konda "shusha" kabla kituo hakijapita, jinsi ya kupanda mwendokasi, yale mabisi ya njia yake yenyewe yaliyoanza mwaka 2016. Zinakuonyesha pantoni ya Kigamboni, ambayo wakati nilipopita mtembea kwa miguu alikuwa akilipa shilingi 200 tu. Kwa bei hiyo unavuka mdomo wa bandari, unaona meli kubwa za makasha pembeni yako na jiji lote mgongoni. Sijui starehe nyingine ya bei hiyo.

Kwa hiyo video hizi ni bora kuliko vitabu? Kwa upande wa lugha na chakula, ndiyo. Lakini zina uongo wao mdogo mdogo.

Wa kwanza: kichwa kinasema "peke yangu", lakini kijana anaonekana akitembea kutoka mbali, kutoka mbele, kutoka nyuma. Sasa simu ameishika nani? Msafiri wa peke yake kabisa hana wa kumpiga picha. Ana hata shida ya kwenda choo pale kituoni, kwa sababu hana wa kumwachia begi. Hilo ndilo jambo la kwanza la kufundisha, na hakuna anayelifundisha.

Wa pili: "siku nzima kwa elfu ishirini" haihesabu kulala, kwa sababu jioni kijana anarudi kwao Tabata ao Mbagala. Ni bei ya mwenyeji aliyetoka matembezi. Msafiri ni mtu ambaye jioni hana kwao.

Wa tatu: hakuna saa inayopotea. Kila dakika kuna ufuo, kinywaji, muziki. Lakini kutembea kwa pesa kidogo, sehemu kubwa ni kungoja. Unangoja daladala ijae, unangoja mvua ipungue, unangoja jua lishuke kwa sababu huna pesa ya kukaa mahali penye kipoza hewa. Mtu asiyeambiwa hivyo, siku ya pili anafikiri safari yake imeharibika, na kumbe hivyo ndivyo ilivyo.

Swali ambalo hawajibu

Sasa nirudi kwa lile swali. Ukisema Luvungi kwamba unaenda Dar, hakuna atakayeuliza utalala kitanda cha ngapi. Wataulizana hivi: "Unaenda kwa nani kule? Uko na ndugu?" Ukijibu kwamba huendi kwa mtu, unaenda kuona tu, wazazi wanaangaliana. Kijana wa kiume watafikiri anakimbia deni. Msichana, sitaji watakachofikiri.

Kwetu, safari ya bei chini imekuwepo siku zote, na jina lake ni ndugu. Unafika kwa shangazi, unapewa mkeka, unakula wanachokula. Kwa pesa hiyo hakuna bweni linaloshinda. Lakini ina bei yake. Unabeba ndagala kavu na kitenge cha mama mwenye nyumba. Unarudi kabla ya giza. Huwezi kusema, "Leo nataka kukaa ufukweni peke yangu mpaka magaribi," kwa sababu mpwa wa shangazi atapewa kazi ya kukusindikiza. Na Waswahili wenyewe wamesema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndugu anakupunguzia gharama ya pesa, wewe unalipa kwa uhuru. Hilo ni jambo la kupima kwa akili, kila mtu na hali yake. Lakini vitabu havijui kabisa kwamba ndugu yupo, na video zinamficha.

Ukiamua kutokwenda kwa ndugu, swali linakufuata. Afisa mpakani analiuliza, na ni kazi yake. Gesti wanaliuliza pia. Katika gesti moja, jina naliacha, mhudumu aliniuliza mara tatu jioni moja: "Dada, uko peke yako? Mwenzio anakuja saa ngapi?" Simsemi vibaya. Katika gesti nyingi mwanamke wa peke yake anafikiriwa kwamba anangoja mtu. Maandishi ya safari yana shauri moja tu kwa wanawake: usitembee usiku, ficha simu, funga mlango. Ni shauri la kujikinga na mwizi. Hakuna linalokufundisha kujikinga na mashaka ya mtu mwema.

Jibu lililonifaa lilikuwa hili: "Mimi ni bibi shamba, nimekuja kuona masoko ya mchele." Hapo hapo sura zikabadilika. Nikaitwa mtaalamu, nikaulizwa habari za mahindi yanayokauka Mkuranga. Ni kweli nimesoma agronomia, sikudanganya. Lakini jambo lenyewe linaumiza: nilikubalika pale tu nilipopata kazi ya kutaja. Na wengi wetu katika chama hiki tuna lisanse bila kazi. Wao wajibu nini? Kwa nini "nimekuja kuona bahari" litoshe kwa mtoto wa Ujerumani wa miaka ishirini, lisitoshe kwa mtoto wa Luvungi wa miaka ishirini na nane?

Mdomo unatutaja

Kwa sura hatujulikani. Unaweza kupita Manzese na Buguruni siku nzima ukadhaniwa Mtanzania. Hapo tunamshinda mzungu mwenye begi: hakuna anayetupandishia bei kwa kutuona. Lakini tukifungua mdomo, tumekwisha. Ukisema "aksanti" wanatabasamu. Ukisema unatafuta moto ya kukupeleka mjini, wanashangaa, kwa sababu kule moto ni wa jikoni na unachotaka wewe ni bodaboda. Ukiomba sombe, hawakuelewi mpaka useme kisamvu. Lengalenga ni mchicha. Avoka ni parachichi. Mimea ni ile ile, naijua mpaka kwa majina ya kilatini, lakini mezani nilikuwa kama mtoto anayejifunza kusema.

Kiisha mdomo kutaja, linakuja neno "Mkongo". Neno hilo si tusi. Lakini kule lina nafasi tatu zilizokwisha kutayarishwa: mwanamuziki, mfanyabiashara wa Kariakoo, ao mkimbizi. Ya tatu ina sababu yake. Kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma ilifunguliwa mwaka 1996, na watu wengi waliopita pale ni wa Kivu ya Kusini, majirani zetu na ndugu zetu. Sioni haya kufananishwa nao. Ninachosema ni kwamba mtalii hayumo katika nafasi hizo. Neno "mtalii" limebaki la mzungu. Mahali fulani pa kuingilia, nisipopataja, penye bei ya mwenyeji, bei ya Mwafrika Mashariki na bei ya mgeni, nilionyesha pasiporti nikaambiwa Kongo si Afrika Mashariki. Nilieleza kwa upole, nikangoja, mkubwa wao akaja, akakubali. Hasara ilikuwa nusu saa. Lakini ndiyo ile gharama ninayosema: nusu saa ya kujieleza, ambayo haimo katika hesabu ya kitabu chochote.

Na bado jiji hilo limekwisha kumpokea mtu wetu kuliko tunavyofikiri. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947, akafika Dar mwaka 1978 kupiga muziki, akaishi kule mpaka alipofariki mwaka 2010. Leo kuna kituo kinachoitwa Sinza kwa Remmy. Sikilizeni jina lile. Vituo vingi vya Dar vimeitwa hivyo: Mtoni kwa Aziz Ali, Tandale kwa Mtogole. Jiji lenyewe linajieleza kwa "kwa fulani". Na Mkongomani aliyefika kama mgeni akawa mtu ambaye wengine wanashuka kwake. Kitabu cha kimombo hakioni jambo hili, kwa sababu mwandishi wake hajawahi kuulizwa anaenda kwa nani.

Wa zamani waliandika vizuri zaidi

Kuna watakaosema kwamba Mwafrika hana desturi ya kuandika safari. Si kweli. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alitoa kitabu *Safari za Wasuaheli*, chenye habari za watu wa pwani walioeleza wenyewe safari zao. Mmoja wao, Selemani bin Mwenye Chande, alieleza safari yake ya kuingia bara. Tippu Tip naye aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na sehemu kubwa ni ya kwetu upande wa Maniema. Mwaka 1931 Martin Kayamba wa Tanganyika alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, na mwaka 1932 kikatoka kitabu chake *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*.

Tuwasome kwa macho wazi. Tippu Tip hakuja kwetu kuona mandhari. Alikuja na bunduki, akachukua pembe na watu. Lakini kama maandishi ya safari, wazee hawa wana kitu ambacho vitabu vya begi mgongoni vimepoteza. Hawajifanyi kwamba msafiri hana sababu. Msomaji anajua wamekwenda kwa ajili ya nini, kwa mkubwa gani, na njiani hongo ililipwa wapi. Maswali mawili, "kwa nani" na "kufanya nini", yana majibu ndani ya habari yenyewe.

Sasa angalieni upande njia hiyo ya maandishi ilikoelekea. Watu wa pwani walikuja kwetu wakaandika. Mtu wa Tanganyika alikwenda Ulaya akaandika. Watu wa Ulaya walikwenda kila mahali wakaandika. Siye wa upande wa magharibi wa ziwa tumekwenda pwani kwa maelfu, wafanyabiashara, wanamuziki, wanafunzi, wakimbizi, na sijapata kushika kitabu chetu cha kueleza jiji lile kwa macho yetu. Tumeacha watuandikie, halafu tunashangaa kwamba hatumo katika ukurasa wa viza.

Andiko ambalo lingetufaa

Sitaki kulaumu tu. Nionyeshe kwa mfano mmoja kile ninachotafuta.

Nenda soko la Tandale, penye nafaka. Utaona malundo ya mchele, na kila lundo lina jina: Kyela, Mbeya, Morogoro. Bei inabadilika kwa jina. Mama mnunuzi anachukua punje kiganjani, ananusa, anauliza kama ni wa Kyela kweli. Sasa fikiria mchele wa kwetu. Mpunga wa Luvungi unalimwa kwa jasho, unapanda mlima mpaka Bukavu, na mara nyingi unauzwa pembeni ya mchele wa Asia bila jina la kijiji. Miaka mitano ya chuo nilifundishwa mbegu, maji, mbolea na magonjwa. Hakuna saa hata moja niliyofundishwa kwamba jina la mahali ni sehemu ya bei ya mkulima. Nililijifunza pale Tandale, nimesimama, sinunui kitu, sijatumwa na mtu, kwa gharama ya nauli ya daladala.

Halafu nenda Coco Beach jioni, ule muhogo wa kukaanga na kachumbari na pilipili. Siye tunaotoka nchi ya muhogo tunaudharau; tunasema ni chakula cha shida. Pale vijana wenye magari wanapanga foleni kwa ajili yake, unauzwa kipande kipande, mbele ya bahari. Mkulima wa Sange ao Luberizi angeona hilo, angerudi na hesabu nyingine kichwani.

Hakuna kitabu wala video vilivyonipeleka sehemu hizi kwa macho hayo, kwa sababu haviandikwi na mtu mwenye shamba nyuma yake. Na hapo ndipo ninapolikataa wazo kwamba kutembea "kuona tu" ni anasa ya watu wa mbali. Kuona ni kazi. Kijana aliyeona soko la watu milioni tano, peke yake, bila shangazi wa kumharakisha na bila bosi wa kumtuma, amepata kitu ambacho semina haitoi. Ana haki ya kwenda kukitafuta bila kutengeneza uongo wa kumwambia mwenye gesti.

Kwa hiyo ninaomba jambo dogo kwa wenzangu wa chama. Wengi wenu mmepita Dar, Mombasa, Kampala. Msituletee picha tu za ufukwe. Andikeni kurasa mbili kwa Kiswahili chetu hiki, hata kama kina "aksanti" ndani. Taja njia uliyopita na siku ulizotumia. Taja pesa, kuanzia pasiporti mpaka choo cha kituoni. Sema ulimjibu nini afisa, na mwenye gesti, na mama yako. Sema neno gani la kwetu halikueleweka na kule wanaliitaje. Kama ulilala kwa ndugu, sema ulilipa nini badala ya pesa. Na sema kitu kimoja ulichoona kule ambacho kinaweza kubadilisha kazi yako hapa.

Tukipata kumi za namna hiyo, msichana wa Luvungi atakayeondoka mwaka kesho hatahitaji kuubeba ule mzigo wote wa kujieleza peke yake. Atakuwa na kitu cha kusoma kilichoandikwa na mtu aliyeulizwa maswali yale yale, akajibu, akaingia mjini.